Kuku Naye Husikia Joto

Najua mlitarajia mtu wa kidato cha tatu aandike juu ya nidhamu, dawa za kulevya au mapenzi ya shuleni. Hayo yameandikwa, na yataandikwa tena mwaka ujao. Mimi naomba nafasi hii niseme juu ya kuku. Tafadhali msicheke kwanza.

Kwetu ni Mariakani, na anayepajua Mariakani anajua jua la Februari na Machi. Mvua za masika bado, upepo umekufa, na ikifika saa saba mchana mabati ya nyumba huanza kulia ka! ka! yakitanuka kwa joto. Katika Februari ya mwaka 2025 mamangu alikuwa na kuku wa gredi 42, wote wa mayai. Siku moja nilitoka shule jioni nikafika nyumbani nikakuta majirani wamejaa uani. Kuku 11 walikuwa wamelala chini, midomo wazi. Mamangu ameketi juu ya kinu, hasemi neno. Kuku hao ndio walioninunulia sare hii ninayoivaa, na mayai yao ndiyo yanayolipa chakula changu cha mchana hapa shuleni.

Majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja alisema ni kideri. Mwingine akasema ni jicho la watu, ati kuku walikuwa wazuri kupita kiasi. Babangu alishika hilo la kideri, akachimba shimo akawazika usiku huo huo.

Kesho yake alikuja afisa wa mifugo. Hakutoa sindano wala dawa. Aliuliza tu: walikufa saa ngapi? Waliotangulia walikuwa wanene au wembamba? Kisha akaweka kiganja juu ya ukuta wa kibanda, akakiondoa upesi kama mtu aliyeshika sufuria. Akatueleza kwamba kideri kwa kawaida hakiji na kuondoka alasiri moja. Huambukiza siku baada ya siku, kuku huharisha kijani na wengine hupinda shingo. Wetu walikuwa wazima asubuhi, wakafa kati ya saa saba na saa kumi, tena wanene ndio waliotangulia. "Mzee," akamwambia babangu, "endelea kuwachanja kideri, lakini hawa wamekufa kwa joto."

Babangu hakufurahi. Kibanda kile alikijenga mwenyewe: mabati juu, mabati pande zote nne, na kidirisha kimoja cha kupitisha mkono. Simlaumu sana. Mwaka uliotangulia nguchiro alitumaliza vifaranga, na wezi wa kuku mnawajua. Alijenga ngome, na ngome ile ikawa tanuri.

Sasa maoni yangu ni haya. Watu wengi huku kwetu wanaamini kuku anapenda joto, na imani hiyo ndiyo inayowaua. Nimefikiri sana ilikotoka, nami naona imetoka kwa vifaranga. Ni kweli kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ndiyo sababu tunamwekea jiko la makaa. Lakini kila wiki joto hilo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu anaota manyoya. Akishakuwa kuku mzima, amevaa koti ambalo hawezi kulivua. Hupendelea nyuzi 18 hadi 24 hivi, na zikipita 30 huanza kutaabika. Huku kwetu Machi hupita hapo hata kivulini, sembuse ndani ya mabati!

Isitoshe, kuku hana jasho. Mimi na wewe tukikimbia mchakamchaka, tunatoka jasho tunapoa. Yeye hupoza mwili kwa kutweta mdomo wazi, kwa kutandaza mbawa, na kwa damu inayopita katika ule upanga mwekundu wa kichwani na ndevu zake. Mwili wake wenyewe una nyuzi 41 hivi, joto ambalo kwa mtu ni homa kali ya kukimbizwa hospitali, kwa hiyo nafasi aliyo nayo kabla ya kufa ni ndogo. Nilipomuuliza mwalimu wetu wa Kilimo kwa nini mayai yetu yalikuwa na ganda jembamba wiki ile, alinieleza kwamba kuku akitweta sana hupoteza kaboni dioksidi nyingi, damu hubadilika, na ganda la yai hukosa kitu cha kutengenezwa nacho. Tena kuku wa joto hali vizuri, na asiyekula hatagi. Tulikuwa tukiokota mayai 28 au 30 kwa siku kutoka kwa kuku wote 42. Baada ya msiba, kuku 31 waliobaki walitupa 13 tu.

Hapa ndipo nataka kusema juu ya maji, maanake ndiyo yaliyoleta ugomvi nyumbani. Kwetu maji ya kunywa hununuliwa, jerikeni ya lita 20 kwa shilingi 20. Kwa hiyo kuku walipewa beseni moja asubuhi, yakiisha yameisha, ati maji ya watu hayatoshi itakuwa ya kuku? Hata mimi nilisema hivyo hivyo, kwa sababu mtekaji ni mimi. Lakini hebu tupige hesabu. Kuku wa mayai akiwa katika baridi hunywa kama robo lita kwa siku, na joto likizidi hufika nusu lita. Kuku 31 ni lita kumi na tano na nusu, yaani jerikeni moja haiishi. Yai moja tunauza shilingi 15. Mayai mawili yanalipa jerikeni na chenji ya shilingi kumi! Sisi tulikuwa tukipoteza mayai nane au tisa kila siku ili tuokoe shilingi 20. Mamangu aliposikia hesabu hiyo aliniambia nirudie, kisha akanitaka nimwambie babangu.

Siku hizi kuku wetu hubadilishiwa maji asubuhi, saa sita, na saa tisa. Tulitupa beseni la plastiki lililokuwa likikaa juani, kwa kuwa maji yakipata moto kuku hayataki hata kama ana kiu. Tunatumia vyungu vya udongo vya nyanya vilivyopasuka midomo, na vinakaa kivulini. Chakula nacho huwekwa alfajiri na jioni, mchana huondolewa, kwa sababu tumbo likisaga chakula mwili huzidi kupata moto. Babangu alidhani huko ni kuwanyima. Alinyamaza mayai yalipopanda.

Kibanda je? Hatukuwa na pesa za kujenga kingine. Tuling'oa mabati ya pande mbili zinazotazamana, kutoka kiunoni kwenda juu, tukaweka waya wa wavu mzito, ili upepo uingie huku utokee kule. Nguchiro hapiti. Juu ya paa tukalaza makuti ya zamani. Kazi yote ilikuwa Jumamosi mbili, na tulichonunua ni waya na misumari tu. Na wale wanaomwaga maji ndani ya kibanda wakidhani wanawasaidia, naomba waache. Hewa yetu ya pwani tayari ina unyevu, na kuku anayetweta katika unyevu hapoi. Mwaga juu ya paa ikiwezekana, si sakafuni.

Nyanya yangu yeye alitucheka tangu mwanzo. Kuku wake ni kishingo, wale wa shingo tupu ambao watoto huwaita tai. Hulala chini ya mwarobaini mchana kutwa, na katika Februari ile hakuzika hata mmoja. Nami zamani nilikuwa naona haya wageni wakiwaona. Sasa nimejua kwamba kuku mwenye manyoya machache hupoa upesi kuliko hawa wetu wa gredi. Sisemi kila mtu afuge kishingo, mayai yao ni machache na mteja wa trei hangoji. Ila tusiwacheke.

Nimalizie na jambo la hapa hapa shuleni, na naomba walimu wasinielewe vibaya. Nyuma ya maabara tuna kibanda cha Wakulima Vijana. Ni kizuri, kimepakwa rangi, lakini ni mabati pande zote kama kile cha babangu kabla ya msiba. Shule yetu ni ya kutwa. Ijumaa jioni sote tunakwenda makwetu, na maji yaliyowekwa saa kumi ndiyo hayo. Jumamosi bawabu huwaongezea akikumbuka, na si kazi yake. Jumapili hakuna mtu. Jumatatu moja mwezi wa Machi tulikuta watatu wamekufa, ikasemwa ni ugonjwa, na hakuna aliyeuliza walikufa saa ngapi.

Mimi ninakaa mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Niko tayari kuja Jumapili mbili kila mwezi, saa sita mchana, kuwapa maji. Wakipatikana wanafunzi wengine wawili wa karibu, zamu imetosha mpaka mvua zije. Waya wa wavu uliobaki kwetu, kama mita nne hivi, babangu amekubali niulete bure, mradi chama kitafute fundi wa kung'oa mabati.