FUNDI WA STIMA NA MASOMO: NANI ALIPE?



Neno moja husikika sana katika karakana zetu: "Mimi nimeifanya kazi hii miaka ishirini, nitafundishwa nini tena?" Hatulipendi neno hili, ijapokuwa twajua limetoka wapi. Fundi mzee amechoka kufanywa mjinga na kijana aliyetoka chuoni jana. Lakini stima haiulizi umri wa mtu.

Tazameni rangi za waya tu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba nyekundu, manjano na buluu ni nyaya za moto, na nyeusi ni nyutro. Utaratibu mpya, ambao Uingereza iliuanza mwaka 2004 na kuulazimisha mwaka 2006, wasema kahawia, nyeusi na kijivu ni za moto, na buluu ndiyo nyutro. Nyeusi na buluu zimebadilishana kazi! Nasi hapa Kenya, tuliozoea kufuata vitabu vya Uingereza, twakuta rangi za namna zote mbili, pengine katika nyumba moja. Fundi asiyejua habari hii, na asiyepima kwanza, atashika volti 240 akidhani ameshika nyutro.

Kisha kuna stima ya jua. Ukizima swichi kubwa umekata stima ya kampuni, lakini paneli zilizo juu ya paa zaendelea kutoa stima maadamu kuna mwanga. Kanuni za mwaka 2012 ziliiwekea kazi hiyo laiseni zake peke yake, T1, T2 na T3. Fundi wa nyumba hawezi kuifanya kwa kubahatisha.

Basi masomo ni lazima. Swali ni hili: nani alipe?

Tajiri ataka fundi mwenye laiseni ya EPRA, kwa sababu Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haimruhusu mtu asiye na laiseni kutia stima. Lakini ada ya laiseni atoe fundi, na akienda darasani siku moja, mshahara wa siku hiyo umekatwa. Faida ni ya tajiri, gharama ni ya fundi. Hii si haki.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwajiri jukumu la kuwafundisha watu wake ili wafanye kazi kwa usalama. Na Amri ya mwaka huo huo ilimtaka atoe Sh. 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, kuwa mfuko wa mafunzo. Mwenye watu 20 hutoa Sh. 12,000 kwa mwaka. Akiwapeleka watu wake katika masomo yaliyokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Fedha hizo hutolewa kwa hesabu ya vichwa vyetu. Mbona hatuzioni?

Kwa hiyo twasema mambo matatu yaingizwe katika mapatano. Kwanza, siku za masomo zilipwe kama siku za kazi. Pili, ada ya laiseni itolewe na mwajiri. Tatu, masomo yasiwe mtego: mzee asiyefaulu mara ya kwanza asifukuzwe, bali afundishwe tena.

Nasi wenyewe tujisafishe. Wako wenzetu wanaoazima laiseni zao, au kutia sahihi kazi ambayo hawakuiona kwa macho. Mtu huyo auza shingo ya mwenziwe kwa fedha ya chai. Hatuwezi kumdai tajiri haki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukaficha uovu huu.

Njooni mkutanoni, wazee kwa vijana, tuyaseme haya kwa sauti moja. Umoja ni nguvu.