Mvumo katika Kipaza Sauti

Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Kwa watu wa namna hiyo neno moja likimezwa na mvumo ni hasara. Je, maikrofoni ya kwaya yenu nayo yavuma? Umeme wa nyumbani hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita dayodi nne hutoka na mawimbi 100, nayo mashine huyakuza pamoja na sauti. Basi tumieni transfoma ya chuma (uzito wake si ubaya), iwe mbali na maikrofoni, kisha kapasita kubwa za kulainisha mawimbi, halafu kidhibiti cha volti. Chaja ya simu ni nyepesi, ila ina kelele zake. Tena angalieni sana: waya ukiisha kuchomolewa, kapasita zaweza kushika umeme bado. Fundi azipime kwanza, watoto wakae mbali.