Kabla Hujalipia "Kozi ya Gesi"



Wiki hii vijana wanne wa hapa Khayega wameniletea ujumbe ule ule kwa simu. Lipa elfu kumi na tano, soma "kozi ya gesi" siku kumi, pata cheti, upelekwe kazi Mtwara au Qatar. Mmoja wao alikuwa ashatafuta mtu wa kumuuzia pikipiki. Akaniuliza, "Sheikh, hii ni ya ukweli?" (Mimi si sheikh, lakini mnajua mtaa.) Nikamwambia atulie kwanza na pikipiki yake. Haya ndiyo majibu niliyomuahidi, na ni yako pia.

Gesi ipo, hilo si uongo. Jirani zetu Tanzania waliipata Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, kisha baadaye wakakuta nyingi zaidi huko baharini kwenye kina kirefu. Mei 2021, Rais Samia alipokuja Nairobi, serikali zetu mbili zilitia saini makubaliano ya bomba la kuleta gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Bomba lenyewe bado halijajengwa. Lakini jina la gesi likishatajwa tu, dalali haongoji bomba.

Sasa twende Mtwara, maana kule ndugu zetu walishapitia haya. Ni mkoa wa kusini kabisa, Waislamu ni wengi, na kwa miaka mingi watu wake wamelalamika kwamba wamesahaulika. Serikali ilipoamua kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kupeleka gesi Dar es Salaam, watu waliingia barabarani. Desemba 2012 waliandamana, Januari 2013 vurugu zikazuka, na Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na kuthibitisha bomba litajengwa, mji ukawaka. Watu walikufa. Jeshi likaletwa. "Gesi haitoki," walisema. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa, na gesi ikatoka.

Siwacheki. Walikuwa na haki ya kuuliza sisi tutapata nini. Ila kuna swali ambalo huwa linachelewa kuulizwa: siku mkandarasi atakapofungua geti na kusema anataka wachomeleaji mia mbili, nani hapa mtaani ana cheti anachokitambua? Mkandarasi ana tarehe ya kumaliza kazi. Fundi mzuri anachukua miaka miwili kupikika, na mkandarasi hawezi kukungoja miaka miwili. Atawaleta wake. Wewe atakupa fulana ya kuakisi mwanga na panga la kufyeka, na mkataba wa miezi mitatu.

Kuna waliojaribu kuliwahi swali hilo. Kampuni ya BG, ikishirikiana na shirika la VSO na vyuo vya VETA, ilianzisha mpango wa kuwafundisha vijana wa Mtwara na Lindi fani kama uchomeleaji na umeme, pamoja na Kiingereza, wafikie kiwango cha vyeti vinavyokubalika kimataifa. Mpango mzuri. Lakini kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kilichokusudiwa Likong'o, Lindi, mpaka leo hakijajengwa. BG yenyewe ilinunuliwa na Shell mwaka 2016. Juni 2022 Tanzania ikasaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, na mazungumzo yameendelea tangu hapo. Hebu fikiria umesomea "gesi" peke yake mwaka 2014. Ungekuwa bado unangoja. Aliyesomea kuchomelea anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, kwenye meli, kwenye tangi la maji, popote pale chuma kinaposhikana na chuma.

Na hata kiwanda kikija, kazi nyingi ni za ujenzi. Maelfu huajiriwa kwa miaka michache, halafu mitambo ikishawaka wanabaki mamia. Mwenye ujuzi anahamia mradi mwingine. Asiye nao anarudi nyumbani na ile fulana.

Nikueleze huo mtihani wa mchomeleaji wa mabomba ulivyo, ndipo utajua kwa nini siku kumi ni mchezo. Wanafunga vipande viwili vya bomba vikiwa vimeinama nyuzi 45. Huruhusiwi kuvizungusha. Wewe ndiye unazunguka: unachomelea ukiwa umesimama, umepiga magoti, unatazama juu cheche zikikuangukia. Ukimaliza, kiungo kinapigwa picha kama mfupa hospitalini, au kinakatwa vipande na kukunjwa. Kitundu kidogo tu ndani, umeanguka. Mafundi wetu wa jua kali hapa Khayega wanatengeneza mageti na vitanda vya chuma vizuri sana, na wengine wana mkono mtulivu kuliko mwenye diploma (nina diploma, najua ninachosema). Kinachokosekana ni mafunzo ya bomba na karatasi ya kuthibitisha.

Na hiyo karatasi haiko mbali. Chuo cha Sigalagala kiko hapo tu kwenye barabara ya Kisumu, unafika kwa boda. NITA wana mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza, na hawajali ulijifunzia wapi. Kuna pia utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi ulioupata kazini bila darasa, chini ya KNQA. Ukishakuwa na msingi, Kenya Pipeline wana taasisi yao ya mafuta na gesi Morendat, Naivasha, na Uganda wana chuo cha petroli Kigumba tangu mwaka 2009. Hiyo ndiyo njia. Ni ndefu na inachosha, na hakuna dalali anayepata chochote ndani yake, ndiyo maana hajakuambia.

Dada, usiruke sehemu hii ukidhani ni ya wanaume. Karakana inakubali hijabu. Iwe ya pamba, fupi, imeingia ndani ya ovaroli, maana ya nailoni huyeyuka ikiguswa na cheche. Akikuambia mtu uivue au uondoke, mjulishe kwamba kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi au kazi kwa sababu ya dini yake, halafu utuite. Mambo ya swala ya Ijumaa nayo, andika barua mwanzo wa muhula. Usingoje siku ya mtihani. Na kifungu cha 55 kinaidai serikali ichukue hatua vijana wapate mafunzo na ajira. Tutaidai. Lakini dai likija na orodha ya majina na vyeti lina uzito mwingine.

Hapa kwetu Kakamega tunajua haya bila kufika Mtwara. Miaka ya 1930 wazungu walikimbilia dhahabu hapa, mgodi wa Rosterman ukachimbwa mpaka 1952. Wazee wetu walibeba udongo. Leo tena kunazungumzwa mgodi mkubwa kule Isulu na Bushiangala, na sijasikia mtu akiuliza mafunzo yataanza lini.

Kuna anayekunong'oneza kwamba jibu ni bunduki. Mtazame Palma, Msumbiji, ambako wako wanaozungumza Kiswahili kama wewe. Machi 2021 mji ulivamiwa, Aprili kampuni ya Total ikasimamisha mradi wa gesi. Waliouawa na kukimbia makwao ni raia, Waislamu wengi miongoni mwao, na kazi zikaondoka na kampuni.

Mwisho, neno kwa kamati za misikiti, kwa heshima. Tumefanya harambee ya kapeti, na spika mpya zinasikika mpaka sokoni, alhamdulillah. Kapeti ijayo naomba isubiri. Tulipie vijana watano mtihani wa NITA. Nabii Daud, alayhi salaam, alilainishiwa chuma akafundishwa kukipima na kukiunga. Sioni aibu gani msikiti kulipia fundi.

Ijumaa ijayo baada ya swala tutakaa nje na meza moja na daftari. Njoo na kitambulisho na cheti chako cha kidato cha nne. Kama huna cheti, leta picha ya geti ulilotengeneza. Yule wa pikipiki ashaandikisha jina, ni wa kwanza kwenye orodha.