Jibu Langu Nileteeni Hapa Hapa

Muulize mwenye saiba yeyote pale sokoni Kiritiri: kujaza fomu za watu si taabu. Taabu ni kumweleza mama aliyetoka Kiambere kwa nini pesa imekatwa na risiti haionekani.

Mama kabonyeza "Lipa". Simu ikaleta ombi la M-Pesa, akatia PIN, akangoja. Seva ikapata uthibitisho, ikarudisha jibu, na JavaScript ikaita window.open ili limfungukie katika dirisha jipya. Kivinjari kikakataa. Na kina haki! Matangazo yalituchipukia usoni miaka na miaka, hadi vivinjari vikaweka sharti: dirisha lifunguke kwa kibali cha mbofyo, na kibali chenyewe kinakwisha baada ya sekunde chache. Ni nani anayetia PIN na kupata jibu ndani ya sekunde 5? Window.open inarudisha null, programu haijali hata kuiangalia, ukurasa unakodoa macho tu. Mama analipa mara ya pili.

Aliyeandika uchafu huo aliujaribu kwenye mashine yake, seva ikiwa humo humo, jibu likarudi kufumba na kufumbua. Akaondoka akijiita mtaalamu.

Wapo wajanja wanaofungua dirisha tupu mara tu mbofyo unapopigwa, kisha wakalijaza jibu likifika. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kwenye simu ndogo weupe wa dirisha hilo unafunika ukurasa wa kwanza. Mtu anadhani mambo yameharibika, analifunga dirisha, na jibu linakosa pa kutua. Wabaya kuliko wote ni wanaomwaga humo kwa document.write chochote kilichotoka kwa seva. Mhuni akijaza msimbo mahali pa jina, utatekelezwa kwenye simu ya mtu asiye na habari.

Gmail ilituonyesha mwaka 2004 kwamba jibu la seva linaweza kuingia katika ukurasa ule ule, bila kuupakia upya. Leo ni mistari michache ya fetch. Andika risiti chini ya kitufe, weka kiungo cha kuipakua, basi.

Waandishi wa programu hizo wananijibu: mteja aingie kwenye mipangilio, aruhusu madirisha. Yaani mama wa Kiambere, aliyekwisha kulipa, ndiye arekebishe kivinjari ili nyinyi msirekebishe kazi mliyolipwa kuifanya?