Punda wa Same Naye Apewe PF3

Mtu akipigwa na jirani yake pale Same mjini, anajua pa kwenda. Anaingia polisi, anapewa fomu ya PF3, anakwenda hospitali, na daktari anaandika alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limetokana na nini. Karatasi ile ndiyo inayombana mshitakiwa mahakamani. Punda akipigwa mpaka akavunjika mguu, hakuna anayefungua jalada, hakuna anayeandika, na aliyempiga anarudi nyumbani kutafuta punda mwingine.

Si kwamba nchi hii haina sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19, ilitungwa mwaka 2008, na inatamka kuwa mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Kumtesa kwa kipigo, kumbebesha kupita uwezo wake, kumshindisha na njaa na kiu, yote hayo ni makosa mbele ya sheria. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa kabatini, na wengi wa wanaomiliki wanyama katika tambarare yetu hawajawahi hata kuisikia.

Nenda Makanya au Hedaru jua likiwa kali, umtazame punda wa maji. Madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, ni kilo 80 za maji, na mara nyingi kuna kijana amekaa juu yake. Kamba ya katani imepita moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, bila gunia wala blanketi chini yake. Inua ile kamba. Manyoya yamekwisha, ngozi imechunika, nzi wamejaa, na kidonda kilichoanza kukauka usiku kimefunguliwa tena na mzigo wa asubuhi. Fimbo nayo inatua palepale penye kidonda, kwa sababu mpigaji ameshajifunza kuwa hapo ndipo punda anaposikia. Kwa miaka mingi, kabla mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe haujaanza kuleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, bomba la vijiji vingi lilikuwa mgongo huo. Haya ndiyo malipo yake.

Ng'ombe wa mnadani hali yao si nafuu. Wanasukumwa ndani ya lori kwa kukunjwa mikia, wanabanana, na safari ya kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 400. Anayeanguka njiani anakanyagwa na wenzake. Kibali cha kuwasafirisha kipo, kimegongwa muhuri.

Ni mtaalamu wa mifugo aliyeugonga muhuri huo, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kibali kinasema mifugo haina ugonjwa wa kuambukiza. Hakisemi lori limejaa kiasi gani, wala kama sakafu yake inateleza, wala kama yule dume aliyevunjika pembe anatokwa damu. Tumemfanya daktari wa mifugo awe mtu wa chanjo, josho na ushuru, kisha tukamnyamazisha kwenye jambo ambalo taaluma yake inalijua kuliko mtu mwingine yeyote, yaani maumivu ya mnyama. Hakimu hawezi kumuuliza punda kilichompata. Polisi hawezi kutofautisha kidonda cha mzigo na kidonda cha ugonjwa. Daktari anaweza, na asipotoa ushahidi hakuna kesi.

Nasema hivi nikijua hali za wataalamu hawa. Afisa mifugo mmoja anabebeshwa vijiji kadhaa, vingine viko huko juu Suji na Mbaga, vingine huku chini kwenye vumbi, na pikipiki ikiharibika anatembea kwa miguu. Anaishi kijijini, anasali na watu walewale anaotakiwa kuwashitaki. Hayo ni ya kweli, na yanaihusu halmashauri inayopanga bajeti. Ila hayamzuii mtu kukataa kusaini. Kukataa kusaini kibali cha lori la mateso hakuhitaji mafuta ya pikipiki.

Wako wanaoniambia, binadamu wenyewe wana shida, nani ana muda na punda? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye hajawahi kuchota maji. Punda akifa, mzigo unahamia kichwani kwa mwanamke na binti yake. Aliye maskini ndiye anayehitaji zaidi kuonyeshwa namna ya kufunga mzigo juu ya tandiko, na kutibiwa punda wake mapema. Kwa huyo, ziara ya kwanza iwe dawa na maelekezo. Mahakama ibaki kwa anayeonywa akarudia, na kwa mfanyabiashara mwenye malori, ambaye hana umaskini wa kujitetea nao.

Na tusiambiwe kuwa serikali haiwezi. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilisimamisha machinjio ya punda waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya ngozi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakapiga marufuku biashara hiyo kwa bara zima. Hapa hapa Same, ndani ya Hifadhi ya Mkomazi, faru weusi wanalindwa kwa uzio na askari wenye silaha, na ndivyo inavyopaswa. Ukikamatwa na nyama ya digidigi huna kibali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 itakufikisha gerezani. Nje ya mpaka wa hifadhi hiyo, punda anapigwa mbele ya kadamnasi na watu wanapita. Tofauti ya punda na mnyama wa hifadhini haiko kwenye uchungu wanaousikia. Wa hifadhini huleta watalii.

Wapare, wenyeji wa Same, hawahitaji kufundishwa maana ya kudai haki. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakajaa Same kupinga kodi ya mbiru, na serikali ya mkoloni ikatetemeka. Mpaka leo mpaka wa shamba ukisogezwa hatua moja, kesi inafika Baraza la Ardhi. Watu wa namna hii hawashindwi kumsemea mnyama anayewalisha.

Ninachodai kinaweza kuanza mwezi huu. Iwepo fomu ya daktari wa mifugo, yenye uzito wa PF3, ijazwe kila mnyama anapojeruhiwa kwa mkono wa mtu, na ipokelewe polisi. Kila muhuri wa kibali ugongwe baada ya kulikagua lori, si baada ya kuhesabu vichwa. Baraza la Veterinari, ambalo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imelikabidhi nidhamu ya taaluma hii, limwite na kumhoji anayesaini bila kutazama. Na sheria ya 2008 isomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji na minadani.

Nawe msomaji, ukimwona mnyama anateswa, usipite. Mwite mtendaji wa kijiji, mwite afisa mifugo, dai aandike alichokiona, na usiondoke mpaka awe ameandika.