Kadi Yenye Bei Si Mwaliko

Hapa Mwanza, kama ilivyo Dar es Salaam na sehemu nyingi za nchi, watu wengi wanaamini kwamba kuchangia harusi ni mila yetu ya ushirikiano na kwamba asiyechanga amejitenga na wenzake. Naipinga imani hiyo. Kinachofanyika hapa kwetu Buhongwa siku hizi, kamati ikishaundwa, mwenyekiti na mhazini wakapatikana, kundi la WhatsApp likafunguliwa na kila jina likaandikiwa ahadi yake, ni kuuza viingilio. Kiwango cha kadi ya singo kinatangazwa, cha dabo kinatangazwa, na aliyetoa pungufu hapati kadi, hata akiwa ndiye aliyemlea bwana harusi. Mwenye shughuli anayemtoza mgeni gharama ya sahani hajamkaribisha, amemuuzia chakula.

Ushahidi kwamba tunaweza kukaribisha bila kutoza hauko mbali. Msiba ukitokea mtaani, turubai linafungwa siku ile ile, akina mama wanafika na unga, kuni na ndoo za maji, wanaume wanalala nje na wafiwa. Rambirambi zinaandikwa daftarini, lakini mwenye mia tano na mwenye laki wanakula ugali na maharage ya sufuria moja, na hakuna anayesimama mlangoni kukagua nani katoa nini. Kwa hiyo tunajua kupokea mamia ya watu bila kuwapangia bei, tena bila muda wa kujiandaa. Wala ndoa yenyewe haidai makubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Ukumbi, MC, keki na sare za wanakamati tumejiongezea wenyewe, kisha tukawapelekea majirani bili.

Watetezi watasema hata Wasukuma wa zamani walichangiana ng'ombe wa mahari. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Waliochanga walikuwa ndugu wa ukoo, waliokuwa na haki na wajibu katika ndoa ile, na ng'ombe wale waliingia zizini kwa wakwe wakaendelea kuzaa. Mchango wa leo unadaiwa hata kwa mtu mliyefahamiana kazini juzi, na unaisha usiku mmoja. Maharusi wanaamka asubuhi wakiwa na kodi ya chumba ya kutafuta. Wengine husema mchango ni akiba: nikikutolea leo, utanitolea kesho. Akiba ya kweli tunaijua. Kikoba kina katiba, daftari na siku ya kugawana, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya namna hiyo. Mchango wa harusi hauna katiba wala siku ya kugawana, na asiyeoa wala kuozesha hana siku ya kurudishiwa.

Lakini linaloniuma zaidi ni aibu wanayotwishwa wasio na uwezo. Dereva wa bodaboda mwenye ahadi tatu kwa mwezi mmoja anakopa ili asionekane mbaya, na mama anayeuza dagaa sokoni anaacha kupokea simu za rafiki zake. Undugu gani huo unaomfanya mtu amkwepe jirani kwa sababu jirani anaoa? Nakubali kwamba wapishi na wapambaji wanaishi kwa kazi hizi, ila sherehe ndogo nayo hupikiwa na kupambwa, na mwenye nayo huwalipa kwa fedha yake mwenyewe.

Anayeoa ahesabu kwanza alichonacho, ndipo aandike majina. Kama kinatosha wageni 30, sato na ugali uani kwa baba yake, basi awaalike hao 30 bila kuwataka shilingi. Mwenye kutaka kuwapa maharusi chochote awakabidhi wenyewe, mkononi, kwa kiasi ambacho mhazini hatakijua.