Anayenunua gari Banissa amtazame kwanza dereva

Majuzi nilipigiwa simu na rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika eneo la Banissa, Kaunti ya Mandera, akitaka ushauri. Yeye na ndugu zake wawili wamechanga fedha za kununua gari, na tayari ameonyeshwa moja lililomteka roho: Land Cruiser ya zamani, ndefu, yenye viti viwili vilivyoelekeana huko nyuma, ambayo awali ilikuwa ya shirika la misaada kisha ikauzwa kwa mnada. Alitaka nimwambie kama bei aliyotajiwa ni ya haki.

Sikumjibu kuhusu bei. Nilimwuliza ni nani atakayeliendesha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe wayajua macho yangu."

Nayajua. Mtoto wa jicho amemwandama kwa miaka kadhaa na siku hizi hata madaftari ya wanafunzi huyasahihisha kwa taabu. Ndugu zake ni wafanyabiashara, mmoja yuko Moyale na mwingine Nairobi. Atakayeshika usukani ni binti yake kitindamimba, aliyemaliza kidato cha nne, ambaye ametimiza umri wa miaka 18 na sasa anangojea nafasi katika chuo cha ualimu. Ndiye atakayempeleka babaye kliniki ya macho, ndiye atakayemchukua mamaye sokoni, na ndiye atakayegongewa mlango usiku jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa.

"Basi tuanze upya," nikamwambia. "Tuliache gari kwanza, tumzungumzie binti."

Nimeyaleta mazungumzo hayo katika safu hii kwa sababu naamini si ya nyumba moja. Wazee wetu wa kaskazini mashariki wanaponunua gari huitazama barabara, na aghalabu hawamtazami dereva. Huuliza kama gari lina nguvu, kama limeinuka juu ya mawe, kama lingeweza kubeba mapipa ya maji na mbuzi wa mahari kwa safari moja. Siwalaumu. Anayetoka Nairobi kwenda Banissa hupata lami nzuri ya Isiolo hadi Moyale, na baada ya hapo akielekea mashariki hukutana na changarawe, mchanga na udongo unaogeuka uji siku mvua inaponyesha. Huko Malkamari, Guba, Derkhale na Kiliwehiri gari la mtu mmoja ni gari la kijiji kizima: leo ni ambulensi, kesho ni lori la maji, keshokutwa linawabeba walimu. Katika mazingira hayo, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne si fahari hata kidogo.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani limetueleza mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hapa Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni. Sheria yetu haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari, na wale wanaowaachia usukani wavulana wa miaka 14 kwa kuwa "huku hakuna polisi" nisingependa hata kubishana nao. Lakini kutimiza miaka 18 na kupata leseni hakumfanyi mtu kuwa dereva. Kunampa ruhusa ya kuanza kujifunza mbele ya hatari zenyewe.

Kwa walimu wa fizikia na wanafunzi wao nina hesabu ndogo. Pima umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, uugawe kwa mbili, kisha ulichopata ukigawe kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini. Jibu likiwa kubwa, gari ni gumu kupinduka. Likiwa dogo, ni jepesi kupinduka. Gari dogo la kawaida hupata takriban 1.4. Magari marefu ya aina tunayoizungumzia mengi hukaribia 1.1. Sasa panda juu ya keria uweke madebe kumi ya maji, kila debe lita 20. Hizo ni kilo 200, na zimewekwa mahali pabaya kuliko pote. Kitovu cha uzito kimepanda, na jibu la hesabu yetu limeshuka bila mtu yeyote kugusa usukani.

Isitoshe, gari aghalabu halipinduliwi na kona peke yake. Hujikwaa. Dereva mchanga anakwenda kilomita 80 kwa saa juu ya changarawe, gurudumu la kushoto linatoka nje ya njia, anashtuka, anaurudisha usukani kwa nguvu, gari linakwenda upande, tairi linachimba udongo laini, na kile kimo walichokisifia wazee kinafanya kazi yake. Dereva wa miaka ishirini barabarani angeachia mafuta na kulirudisha gari polepole. Mikono ya binti wa miaka 18 haijayajua hayo, na haiwezi kuyajua kwa kuhubiriwa.

Gari alilolipenda rafiki yangu lina sifa zake, nami nimezikiri mbele yake. Injini yake ya dizeli ya mtindo wa zamani huvumilia mafuta yasiyo safi, na fundi yeyote wa Takaba au Moyale anaweza kuifungua na kuifunga. Magari mapya ya dizeli, yenye mabomba ya sindano yanayoongozwa na kompyuta na vichujio vya moshi, huugua haraka yakinyweshwa mafuta ya mtungi. Hilo ni jambo zito mahali ambapo kituo cha mafuta cha uhakika kiko mbali. Lakini viti vile vya nyuma havina mikanda ya usalama, mbele hamna mifuko ya hewa, na breki zake hazina ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge.

Zaidi ya yote, halina mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari, yaani ile mitambo inayotambua kwamba gari limeanza kuteleza upande na kulikamata gurudumu moja moja kwa breki ili lirudi njiani kabla dereva hajatanabahi. Mwaka 2007 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba mfumo huo ungepunguza ajali za gari moja kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na kwa asilimia 59 kwa magari marefu ya aina hii. Ni kana kwamba umeundwa kwa ajili ya binti wa Banissa.

Na hapa ndipo sera za nchi zinapoingia nyumbani kwa rafiki yangu. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililokwisha kutumika kwa zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa kuanzia mwaka 2018. Japani nayo ilianza kuulazimisha mfumo huo kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 2012. Kwa hivyo, mkazi wa Nairobi mwenye uwezo wa kuagiza gari kutoka Japani huupata bila hata kuuomba. Mwalimu wa Banissa hana mamilioni hayo. Yeye hununua gari ambalo limezunguka humu humu nchini kwa miaka 15 au 25, limepita mikononi mwa wengi, na kwa vile ni la kibinafsi kwa kawaida halipelekwi ukaguzi wa kila mwaka kama matatu. Kanuni inalilinda lango la bandari ya Mombasa. Gari likishaingia, hakuna anayeuliza limeishia wapi. Limeishia Banissa.

Yapo pia magari ya bei ya chini zaidi, yanayovuka mpaka bila ushuru na bila hati. Rafiki yangu alilitaja moja kwa sauti ya chini. Nilimwambia gari lisilosajiliwa halipati bima, na kwamba siku litakapokamatwa atakayesimamishwa kando ya njia, peke yake, ni binti yake. Hakulitaja tena.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa matairi. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Ngozi ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo, gari refu likayumba na kupinduka, na vifo zaidi ya 200 vikahusishwa na kasoro hiyo. Kampuni hizo mbili zilitupiana lawama kama wake wenza, ila mambo yaliyozidisha hatari yalikuwa bayana: joto, mwendo wa kasi, mzigo, na upepo haba ndani ya tairi. Mambo yote manne ni maisha ya kila siku Mandera. Dereva wetu hupunguza upepo ili apite mchangani, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha akifika kwenye njia ngumu husahau kuurudisha. Pampu ndogo ya shilingi elfu chache ina faida kuliko taa zote za urembo zinazofungwa mbele ya magari haya.

Tairi pia huzeeka hata likiwa na meno. Ubavuni mwake, mwisho wa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT, pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kulisoma hilo, na muuzaji hawezi kulifuta kwa rangi nyeusi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Nyeri au Kisumu huenda asilifikirie. Mnamo Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilivamiwa na watu 28 wakauawa, wakiwamo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Tangu siku hiyo, na kwa mashambulizi yaliyofuata, dereva wa kaunti hiyo huendesha akiwa na hofu, na hofu hukanyaga mafuta. Anayechelewa njiani jua likiinama huongeza mwendo ili giza lisimkute. Anayetoka kilomita 50 kwa saa hadi 100 ameuzidisha mara nne ule msukumo ambao breki zake zitatakiwa kuumaliza. Nilimwomba rafiki yangu amwekee binti sharti moja tu la safari: akiona hatafika kabla ya magharibi, alale alipo, na asiulizwe kitu atakaporudi nyumbani.

Sharti hilo pia linahusu laga. Mwezi Aprili 2024 sote tuliona picha za basi lililosombwa na maji katika njia ya kwenda Garissa, abiria wake wapatao 50 wakaokolewa. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika sentimita 60 hulielea gari karibu lolote, hata liwe na magurudumu manne yanayosukuma. Gurudumu lisiloigusa ardhi halisukumi kitu. Gari refu humdanganya kijana kwamba laga ni ya magari madogo.

Basi nikampa maoni yangu, naye ana hiari. Atafute gari fupi kidogo, la petroli, la injini ya wastani: Prado ya lita 2.7, au Suzuki Escudo yenye gia za chini za kupandia mlima. Kila kiti kiwe na mkanda wa kupita begani. Anapowasha swichi, atazame dashibodi kama inawaka taa yenye picha ya gari na mistari iliyopinda nyuma yake, kisha ikazimika. Hiyo ndiyo alama ya mfumo niliousimulia, na matoleo mengine ya magari hayo hayana. Keria ya juu aing'oe. Kwa miezi sita ya mwanzo binti asibebe vijana wenzake, kwa kuwa imethibitika kwamba dereva mchanga huzidi kuwa hatarini kadiri marafiki wanavyozidi ndani ya gari.

"Gari hilo litakwama," akanung'unika.

Litakwama. Litakwama mara nyingi kuliko ile Land Cruiser, nalo litahitaji vipuri ambavyo havipo Banissa. Lakini kukwama si kufa. Binti atashuka, atachimba, atapunguza upepo, atangoja watu wapite wamsukume, na jioni atakuwa nyumbani na vumbi lake.

Wiki iliyopita alinipigia tena, safari hii akampa simu binti mwenyewe. Alinisalimu, "Assalamu alaikum, Mwalimu," kisha akanieleza kwamba walikuwa Moyale kwa ami yake kuangalia Prado moja. Taa ya dashibodi iliwaka na kuzimika. Hati ya usajili ina jina la muuzaji na nambari ya chesisi inalingana. Muuzaji aliapa kwamba matairi ni mapya, yamefungwa mwezi huo huo. Binti aliinama ubavuni akayasoma moja baada ya jingine, matatu yalikuwa na 1114 na la nne hata tarakimu hazikuonekana. Bei imepunguzwa kwa thamani ya matairi manne, na gari bado liko Moyale likingojea hayo mapya.